Likinyamaza, Ni Jiwe

Surabaya, 4 Februari 1996

Kwa mdogo wangu Tukiran,

Assalamu alaikum. Huku tu wazima, ila miguu yangu, na hiyo unaijua tangu zamani. Namwomba Mungu barua hii iwakute wazima wewe na Lasmi, na vumbi lenu hilo la mawe.

Ran, mgahawa umehama. Sasa tuko karibu kabisa na kituo cha mabasi, tuna meza za watu thelathini, na tuna simu yetu wenyewe ukutani! Namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Nenda kibanda cha simu siku moja unipigie, nitapokea mwenyewe.

Sasa sikiliza shida yangu. Siku hizi wateja wa hapa mjini hawataki tena kuku kwenye sahani. Wanataka kila mtu aletewe kinu chake kidogo cha jiwe, kile bapa, sambal ya pilipili imepondwa humo humo na kuku kapondwa juu yake. Ndiyo fasheni. Kwa hiyo nahitaji vinu vidogo thelathini pamoja na michi yake. Nikamtuma Pak Sronto, anapopita kwako na lori lake, akuulize bei. Aliponiletea jibu nilimwambia arudi akasikilize vizuri. Kumbe hakukosea!

Tukiran, wewe una akili timamu? Kwa bei ya kinu chako kimoja, sokoni hapa nanunua vinne, na cha tano napewa nyongeza. Najua, najua, vile ni vya saruji. Lakini pilipili haina macho. Haijui imepondwa kwenye jiwe la Mlima Merapi au kwenye ukuta wa choo. Wateja wangu wanakula dakika kumi wanakimbilia basi. Nani atainama kuangalia kinu?

Nipe bei ya ndugu. Usipoweza, niambie mapema, niende sokoni. Na ukumbuke nani alikubeba mgongoni mwaka ule wa kuhara, mpaka mtoni na kurudi, siku nne.

Dada yako,
Wagiyem


Kedungwatu, 15 Februari 1996

Dada Yem,

Waalaikum salam. Sisi huku wazima kabisa, Lasmi anakusalimu, kuku wanataga.

Nimesoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika, sasa nimerudi kwenye kicheko. Binti wa Mzee Wongsorejo, aliyelala juu ya magunia ya mawe tangu anazaliwa, anaandika kwamba pilipili haina macho! Baba angekusikia angekutupia nyundo.

Haya, ngoja nikukumbushe, maana mji umekusahaulisha. Saruji ni ya ukuta. Kinu cha saruji kila ukiponda kinamenyeka, na kile kinachomenyeka kinaingia kwenye sambal. Mteja wako anakula kuku kidogo na ukuta kidogo. Leo hajui, kesho hajui, siku akijua hatarudi tena. Jiwe la Merapi limeshapikwa kwa moto wa mlima wenyewe, halina jipya la kuogopa. Mama aliponda kwenye kinu kimoja miaka thelathini na nane. Rahisi ni ghali, dada. Wenzako wa sokoni watakuuzia vinne leo na vinne mwakani, na wewe utasema umepata nafuu.

Ukitaka kupima, ni rahisi hata mtoto anaweza. Kata ndimu, kamulia ndani ya kinu, kisha weka sikio. Saruji italalama, itatoa povu chwi chwi chwi. Jiwe litanyamaza. Hivyo tu. Likinyamaza, ni jiwe.

Ila nimefikiri. Mgahawa wa dada yangu kuweka saruji mezani wakati mimi niko hai? Watu wa kijiji chote watanicheka. Basi nitakutengenezea vinu thelathini vya jiwe kwa bei ile ile ya saruji ya sokoni. Usiulize kwa nini. Ile safari ya mgongoni siku nne nimeshailipa.

Kuhusu simu, dada, kibanda kiko mbali, na mimi nikishika kile kidude cha kuongelea nasahau la kusema. Barua inatosha.

Mdogo wako,
Tukiran


Surabaya, 3 Machi 1996

Kwa Tukiran, mchonga mawe mwenye kiburi kuliko mlima,

Assalamu alaikum. Huku wazima, tena tumeongezeka, maana Endah ana mimba! Ndiyo, mwanangu yule uliyekuwa ukimwita chura. Sherehe ya miezi saba tumeipanga Jumapili ya tarehe 12 Mei. Utakuwa babu, Ran. Jiandae, nunua shati.

Bei nimeikubali kabla hujabadili mawazo. Nilijua utashuka. Mtu anayesema hashuki ndiye anayeshuka.

Sasa naomba la pili. Mama mkwe wa Endah, Bu Retnaningsih, mke wa mwalimu mkuu mstaafu, ana jiko ukiliingia unavua viatu. Masufuria yake yametoka ng'ambo, ana mashine ya umeme ya kusagia, na kila kitu ananitajia bei yake kabla hajanitajia jina lake. Kasema ataleta hiyo mashine yake isage pilipili na ukwaju wa rujak, yale matunda ya pilipili, ya sherehe, "ili iwe safi." Safi! Nikamjibu, "Asante sana Bu, lakini rujak ya mjukuu wetu itapondwa kwenye kinu cha jiwe kilichochongwa na mjomba wa Endah mwenyewe, na chini kina alama ya babu yake." Akaaga akaenda zake. Nilifurahi mpaka usiku.

Kwa hiyo ongeza kimoja kikubwa, cha kuponda rujak ya watu sitini. Na hicho nitalipa bei yako halali, usinibishie.

Na simu, acha visingizio. Miaka miwili sijaisikia sauti yako. Unaimba bado kazini? Jirani zenu walikuwa wanakuomba unyamaze.

Dada yako anayekusubiri,
Wagiyem


Kedungwatu, 2 Mei 1996

Kwa heshima Pak Sronto,

Natumai safari ya Solo imekwenda vizuri. Barua hii nimempa mtoto wa dukani akupe ukisimama kula, kwa sababu ukifika kwetu sitaweza kusema mbele ya mume wangu.

Jumamosi ukija kupakia mzigo wa Dada Wagiyem, usipitie uani. Magunia yatakuwa kwa Kasimo, mchonga mawe jirani yetu, nyuma ya ghala lake. Mume wangu nitakuwa nimempeleka zahanati asubuhi hiyo.

Nakuambia wewe kwa sababu wewe ni mtu wa siri, na kwa sababu siwezi kubeba peke yangu. Pak, mapafu ya Tukiran yamejaa vumbi. Daktari ametuonyesha picha, ni nyeupe pale ambapo haipaswi kuwa nyeupe. Amesema aache tindo na nyundo leo, si kesho. Yeye amekataa Dada Wagiyem asiambiwe, anasema dada yake atafunga mgahawa aje kumlilia. Ndiyo maana hapigi simu, hawezi kusema sentensi moja bila kukohoa.

Ameshachonga vidogo kumi na moja. Wiki iliyopita alianza kile kikubwa cha sherehe, akakohoa damu juu ya jiwe. Nilimnyang'anya nyundo. Nikamwambia mume wangu kwamba Kasimo atamalizia vyote vilivyobaki kwa jiwe letu wenyewe, naye akakubali, kwa shingo upande. Lakini Kasimo ana watoto watano, hawezi kuchonga kwa bei ya saruji, na bei aliyotaka sisi hatuna. Siwezi kumwandikia Dada aongeze, mume wangu alishatoa neno.

Basi nimenunua vya saruji kwa yule mtu wa njia panda anayevifyatua. Vidogo kumi na tisa na kikubwa kimoja. Kabla havijakauka nilichora kwa msumari ile mikato mitatu ya marehemu baba mkwe. Kasimo anajua na amekubali kunyamaza. Mume wangu hajui, wala asijue.

Najua saruji ni saruji. Lakini mume wangu ni mmoja tu. Na Dada Wagiyem hatavipima, ni vya ndugu yake.

Nisitiri, Pak.

Lasmi, mke wa Tukiran


Surabaya, 13 Mei 1996

Tukiran,

Sina salamu.

Jana watu sitini walikaa kwenye mikeka yangu. Endah amevaa batiki ya mama yetu, kakaa na kapu lake la rujak, wageni wanapanga foleni kununua kwake kwa vigae vya udongo badala ya pesa kama desturi inavyotaka, watu wanacheka, wanabishana, ikiwa tamu ni msichana, ikiwa chapwa ni mvulana. Wa kwanza kuonja ni nani? Bu Retnaningsih. Akatafuna mara moja. Nilisikia, Tukiran. Nilikuwa nimesimama mbali na nikasikia mchanga kwenye meno yake. Akatema kwenye kitambaa, akakunja kitambaa taratibu, akasema, "Tamu wala chapwa sijui. Hii ni ya mtoto wa jiwe."

Wa pili akatema. Wa tatu akaweka kigae chake chini akarudi kukaa. Nikakimbia jikoni kuangalia kinu. Ule ukwaju ulikuwa umefanya povu la kijivu pembeni. Povu, Tukiran! Nilipopitisha kidole kikatoka na mchanga.

Wageni walipoondoka nilikata ndimu zote za mgahawa. Nikavipanga vinu thelathini sakafuni na kile kikubwa, nikapiga magoti na miguu yangu hii, nikakamulia kimoja kimoja na kuweka sikio kama ulivyonifundisha. Kumi na moja vilinyamaza. Kumi na tisa vililalama. Kikubwa kililalama kuliko vyote.

Ulivichanganya. Hilo ndilo linaloniua. Ungeniletea vyote saruji ningesema amelewa, amechanganyikiwa. Lakini ulikaa ukahesabu, hivi vya jiwe juu ili Yem asishtuke, hivi vya saruji chini. Na ukachora alama ya baba! Ya baba yetu, aliyekataa kumuuzia hata mkuu wa wilaya jiwe lenye ufa!

Endah amelia mpaka asubuhi ameshika tumbo. Anasema mtoto wake ametemwa kabla hajazaliwa. Nimwambie nini?

Ungeniambia bei haitoshi. Ningeuza bangili. Ningeenda sokoni kununua saruji nikijua ni saruji, na aibu ingekuwa ya kwangu. Sikupima. Mimi, binti wa mchonga mawe, sikupima. Nani hupima cha nduguye?

Niandikie useme kwamba si wewe. Nitakuamini hata kama ni uongo.

Wagiyem


Kedungwatu, 20 Mei 1996

Dada,

Barua nimeipata.

Ni mimi. Usimtafute mtu mwingine yeyote, wala usimuulize Pak Sronto, yeye hubeba tu. Kazi ilikuwa nyingi, nikashikwa na uvivu na tamaa, nikasema hutajua. Alama pia ni mimi.

Mwambie Endah mtoto hajatemwa. Kilichotemwa ni kazi yangu.

Nipe muda kidogo. Nitakutengenezea kimoja kikubwa cha jiwe, kwa mkono wangu mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hicho sikuuzii.

Sisi huku wazima kabisa.

Tukiran


Surabaya, 28 Julai 1996

Tukiran,

Pak Sronto ameleta gunia lako. Namrudisha nalo hivyo hivyo lilivyokuja, kamba sijaigusa.

Kama ni saruji, ninazo za kutosha. Kama ni jiwe, lilitakiwa Mei, siku ile mbele ya watu. Sasa nitamwekea nani? Bu Retnaningsih ameshatuletea mashine yake ya umeme, kaiweka juu ya meza yangu, nami nimeitumia. Inasaga vizuri. Ndivyo ulivyonifikisha.

Endah amejifungua wiki tatu zilizopita. Msichana, mzima. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, sasa umekuwa wa mwisho.

Miezi miwili nasubiri maelezo, wewe umeniandikia mistari kumi. "Uvivu." Wewe si mvivu, nakujua tangu tumboni. Kuna kitu hunielezi na sitaki tena karatasi. Ukitaka niwe dada yako, nenda kwenye kibanda cha simu unieleze kwa mdomo wako, nisikie sauti yako. Usipoweza hata hilo, basi.

Wagiyem


Kedungwatu, 11 Agosti 1996

Kwa wifi yangu Wagiyem,

Assalamu alaikum. Huku si wazima. Hatukuwa wazima tangu mwaka jana.

Tukiran amefariki Alhamisi, tarehe 1 mwezi huu, kabla ya adhuhuri. Tulimzika siku hiyo hiyo, nyuma ya baba yenu. Nilitaka kukutumia habari upesi lakini mkono haukushika kalamu mpaka leo, na mwenyewe alisema usiitwe.

Wifi, nikuambie yote, kisha unifanye utakavyo.

Vya saruji nilivinunua mimi. Alama niliichora mimi, kwa msumari. Yeye alichonga vile kumi na moja, na kila kimoja alikohoa nacho. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye mapafu, daktari alimkataza. Vilivyobaki alijua amevichonga Kasimo kwa jiwe. Nilimdanganya mume wangu ili apumzike, nikakudanganya wewe kwa sababu nilikuona uko mbali na una simu ukutani.

Barua yako ya Mei ilipofika, aliisoma nimesimama mlangoni. Alipomaliza aliikunja, akanigeukia. Nilidhani atanipiga, hajawahi kunipiga, lakini nilitaka anipige. Akaniuliza, "Alama ulichora kwa nini?" Nikasema, kwa msumari. Akasema, "Ulichora mikato mitatu? Vizuri. Wa katikati huwa mrefu kidogo." Kisha akaomba kalamu. Nilipiga magoti, nikamwambia niandike mimi, niseme ukweli. Akanijibu hivi, wifi, nanukuu maneno yake: "Mimi naondoka, wewe unabaki. Nikikosana naye mimi, kosa linakufa na mimi. Ukikosana naye wewe, utabaki bila dada wala mume." Akaandika unayoyajua.

Siku iliyofuata alichukua tindo. Nilificha nyundo, akaikuta. Niliificha tena, akatumia jiwe lingine kugongea. Hakuweza kuchonga zaidi ya muda wa kuchemsha maji ya chai, kisha analala, kisha anarudi. Wiki tisa kwa kinu kimoja. Zamani alikimaliza kwa siku mbili akiimba.

Gunia liliporudi Jumanne alikuwa amekaa kizingitini. Aliona kamba haijafunguliwa. Akamwambia Pak Sronto, "Mgumu eh, dada yangu?" akacheka, akakohoa. Pak Sronto aliisoma barua yako kwa sauti maana macho ya Tukiran yalikuwa yamechoka. Ilipofika pale pa simu, akasema atafutiwe pikipiki.

Tulimpeleka Jumatano mchana, mimi nyuma nimemshika. Alipiga namba ile ya nyuma ya bahasha. Ulipokea wewe. Nilikuwa karibu, nilisikia sauti yako na kelele za vyombo. Alifungua mdomo. Pumzi ilitoka, sauti haikutoka, wifi. Alijaribu. Ulisema halo mara tatu, kisha ukasema, "Kama huna la kusema usinipotezee muda, nina wateja," na simu ikakatika. Yeye akaendelea kukishika kile kidude sikioni. Tuliporudi aliniandikia kwenye karatasi, maana kusema hakuweza tena, "Sauti yake ile ile. Bado anagombana."

Hakukuchukia. Nakuapia kwa mchanga wa kaburi lake.

Gunia liko hapa. Barua yake imo ndani, aliishonea humo mwenyewe kabla gunia halijaondoka, sijui ameandika nini. Sitalituma tena kwa lori. Njoo ulichukue.

Lasmi


Surabaya, 16 Septemba 1996

Lasmi, mdogo wangu,

Nimefika salama. Pak Sronto aliniketisha mbele, na gunia nililipakata magotini njia nzima, hakuthubutu kuniambia niliweke nyuma. Pale kwenye arobaini sikuweza kusema nawe, watu walikuwa wengi na mimi nilikuwa nalia kama mwehu. Acha niseme sasa.

Siku tatu baada ya barua yako nilikuchukia. Nilikulaani nikiwa nakuna nazi, nikikaanga, nikiwa kwenye sala. Siku ya nne nikajiuliza, Lasmi alitaka kununua nini kwa saruji ile? Pumzi za ndugu yangu. Na nani aliyeshusha bei ya zile pumzi mpaka zikakatika? Mimi hapa. "Nipe bei ya ndugu, la sivyo naenda sokoni." Niliandika kwa mkono huu. Nilifurahi aliposhuka. Nilimwambia Endah, unaona, watu wa mawe ndivyo walivyo, wanatangaza bei kubwa ili uwashushe. Maisha yangu yote sikumuuliza mchonga mawe kinu kinagharimu nini. Niliuliza bei tu.

Na ile simu naikumbuka. Ilikuwa saa ya chakula, meza zimejaa. Nilisikia pumzi, nikadhani ni wale wahuni wa kituoni wanaopigapiga simu. Maneno niliyosema ni makali kuliko ulivyoyaandika. Unayajua, ulikuwa umesimama pale. Umeyapunguza. Asante, na usinisamehe upesi.

Vinu kumi na moja nimevitoa mezani. Juzi mteja mmoja kakiona kimoja rafuni akaniuliza, "Bu, hiki bei gani, na vile vya sokoni vina tofauti gani?" Nilifungua mdomo kama yeye, sauti haikutoka. Endah akamjibu hakiuzwi.

Njoo ukae na sisi. Chumba kipo. Mtoto wa Endah tumemwita Sela, maana yake jiwe. Bu Retnaningsih ameshangaa sana, kasema ni jina gani hilo la msichana. Mashine yake nimemrudishia.

Gunia nimelifungua leo. Lasmi, ni kizuri. Kimekaa kama kimeota ardhini. Upande mmoja kuna doa jeusi jeusi, nimeliosha halitoki, nimeacha kuliosha. Barua yake nakunakilia hapa chini, kwa sababu ni yako kama ilivyo yangu. Ndimu iko mezani tangu asubuhi. Sijaikata. Kila nikishika kisu nasema, nani hupima cha nduguye, kisha namsoma tena.

Dada yako,
Wagiyem


Kedungwatu, 24 Julai 1996

Dada Yem,

Sisi huku wazima kabisa.

Kinu hiki hapa. Jiwe nimelitoa mtoni kwetu, pale chini ya daraja tulipokuwa tukiiba mihogo ya Mzee Karto, utalikumbuka, ni lile ulilokuwa unakalia ukinifulia nguo. Nilikuwa nalitunza. Sikujua nalitunzia nini.

Usikitumie mara moja, wewe una haraka. Siku ya kwanza ponda mchele mkavu, umwage, kisha ukioshe. Maji yatatoka ya kijivu. Siku ya pili tena. Mpaka siku ya saba, maji yakitoka meupe basi vumbi langu lote limetoka, pondea sambal unayotaka. Mchi nimeuchonga umenenepa upande wa kushoto, kwa sababu wewe ni wa mkono wa shoto na hakuna anayekutengenezea vya shoto. Ndiyo maana kiganja chako kinauma jioni, si uzee.

Endah akijifungua, mtoto akianza kula, ponda ndizi yake ya kwanza humu.

Najua huniamini. Ningekuwa wewe nisingejiamini. Kwa hiyo pima, dada, usinionee haya. Chukua ndimu mbichi yenye maji mengi, kata, kamulia katikati, kisha inama uweke sikio karibu kabisa, na waambie watu wa jikoni wanyamaze. Sikiliza vizuri.

Usiposikia kitu, ni mimi.

Mdogo wako,
Tukiran